Pangaboi la Upande wa Wanawake

"—hapo chini sikai, hata mkiniletea sinia zima la kashata! Kitu kinatingishika kama jino la mtoto, halafu mnaniambia nisogee katikati nijaze safu. Safu ijazwe na wenye haraka ya kwenda kwa Mola wao."

Hivyo ndivyo Nasrin alivyokaribishwa Rujewa. Viatu mguu mmoja amevua, mwingine bado, mkoba wa vifaa begani, na maneno hayo yanamjia usoni kutoka ndani ya upande wa wanawake wa msikiti. Aliyekuwa anasema ni bibi mmoja mfupi, mnene wa heshima, mtandio wa kijani, tasbihi mkononi. Shangazi yake Nasrin, Bibie, aliyempokea stendi, akamnong'oneza kwamba huyo ni Bibi Saida wa Iringa, mgeni tangu Maulidi, goti linamsumbua na joto la bonde hili la Usangu linamfaa.

Nasrin akainua macho. Juu kule, katikati ya dari, pangaboi lilikuwa linazunguka huku likikata viuno, astaghafiru, ndani ya nyumba ya Mungu. Chini yake mkeka ulikuwa mtupu. Wanawake wote walikuwa wamebanana kwenye kuta, bega kwa bega, jasho linawatoka, na pale katikati peupe kama uwanja wa mpira kabla timu hazijatoka.

"Zimeni kwanza," alisema Nasrin.

"Na wewe ndio nani?" aliuliza Bibi Saida.

"Ndio fundi."

Akaangaliwa. Baibui, suruali ya jinzi inachungulia kwa chini, testa imechomekwa kwenye ukingo wa mkoba kama maua. Mtu akacheka. Nasrin naye akacheka, maana kicheko hakijawahi kumzuia mtu kupanda ngazi.

Sasa, kilichomleta. Pangaboi lile lilinunuliwa Mwanjelwa, mjini Mbeya, dukani kwa Abdulkarim, na Abdulkarim ndiye baba yake. Baba ambaye mteja akisahau chenji yake, atamkimbilia mpaka barabarani na kandambili za dukani. Pangaboi lilifungwa vizuri, likapepea vizuri wiki za mwanzo. Kisha ikaja Maulidi, wageni wakaja wakaondoka, na Ijumaa iliyofuata lilipowashwa ndipo likaanza vituko vyake. Mzee Bushiri, mwenyekiti wa kamati ya msikiti, hakuuliza wala hakuchunguza. Alishika kipaza sauti baada ya swala, akasema Mwanjelwa wametuuzia takataka, duka la Abdulkarim hilo, na Ijumaa ijayo tutaliteremsha mbele ya kila mtu, tulipakie juu ya magunia ya mchele, lirudi kwao.

Kipaza sauti cha msikiti ule kinasikika mpaka kwenye mashine za kukoboa mpunga. Na mashineni ndipo malori ya Mbeya yanapopakia. Kwa hiyo mchele ulipofika Mwanjelwa, habari nayo ilikuwa imepanda juu yake. Watu wakaanza utani. Mama mmoja alishika birika pale dukani, akalitikisa sikioni, akauliza, "Hili nalo halitingishiki?" Wote wakacheka. Baba akacheka pia. Lakini jioni ile alifunga duka jua bado lipo juu, na kesho yake vilevile, na kesho yake tena.

"Niache niende mimi," Nasrin alimwambia.

"Ukishindwa?"

"Sishindwi, baba."

"Mwanangu, wewe pangaboi umeliona wapi? Hapa kwetu Mbeya watu wanalala na blanketi mbili."

Kweli tupu. Mbeya pangaboi linauzwa kwa watu wa mabondeni. Wenyeji wanalipitia kama wanavyopita kwenye duka la samaki wa mapambo. Nasrin alilishika chuoni tu, kwenye karakana, alipokuwa anasomea umeme. Lakini alilishika. Alilifungua, akalifunga, akalifungua tena mpaka mwalimu akamwambia aende kula.

Na siku hii aliyofika Rujewa ilikuwa Alhamisi. Ijumaa ni kesho.

Basi akazima swichi kubwa, akapima kwa testa kama umeme umekatika, akapanda. Shangazi Bibie akashika ngazi huku akisoma dua yoyote iliyomjia. Nasrin akaangalia ndoano darini: nzima, imeshika chuma cha paa barabara. Akakaza nati. Akakaza skrubu za mabawa, moja baada ya nyingine. Hakuna iliyokuwa imelegea ya kutisha. Mabawa yalikuwa na vumbi la pumba, lile jepesi linaloruka kutoka mashineni na kutua kwenye kila kitu Rujewa, hata kwenye chai. Akayafuta yote matatu mpaka yakang'aa. Akashuka, akawasha.

Pangaboi likaanza taratibu. Likakolea. Likakata viuno.

Kisha Bibi Saida akakohoa.

"Umelisafisha vizuri sana, mjukuu wangu. Sasa litatuangukia likiwa safi."

Ukuta mzima ukaangua kicheko. Shangazi Bibie akawa mwekundu wa aibu, akaanza kusema labda tumpigie simu fundi wa kiume wa Igawa. Nasrin alikuwa ameshazima. Kinachotingishika kina sababu, na sababu haina pa kujificha. Mabawa matatu, mikono mitatu ya chuma inayoyashikilia, moyo mmoja. Utajificha wapi hapo?

"Shangazi, naomba ufagio."

"Umeshafuta tayari."

"Nataka mpini wake."

Akapanda na mpini. Akausimamisha wima, ncha moja ikigusa dari, akaliweka bawa la kwanza karibu nao, na pale ncha ya bawa ilipofika akachora alama. Kalamu hakuwa nayo, alichora kwa wanja aliotoa kwenye pochi. Akazungusha kwa mkono, polepole, mpini haujasogea. Bawa la pili likafika kwenye mstari ule ule wa wanja. Bawa la tatu likapita chini yake, vidole viwili kamili.

"Haya," alisema peke yake juu kule. "Nimekukamata."

Bawa lenyewe lilikuwa limenyooka. Kilichopinda ni mkono wake wa chuma, umeinama kidogo, kama mtu aliyebebeshwa ndoo upande mmoja siku nyingi. Rangi ilikuwa imechubuka. Na pale penye mchubuko, kwa juu ambapo anayefuta kutoka chini haoni, palikuwa na fundo. Kikamba cheupe kimekazwa kweli kweli, na kwenye kikamba kipande cha wavu wa bluu.

Chandarua.

Nasrin nusura aanguke kwa kicheko. Akajishika.

"Shangazi, humu ndani kuna watu walilala?"

"Si wageni wa Maulidi? Wa Iringa, wa Mbeya, wa Makambako, wote walilala humu. Tuliwapa na vyandarua, maana mbu wa mpunga wangewabakisha mifupa."

"Walivifunga wapi?"

"Madirishani, kwenye misumari. Kwani nini?"

Mwanamke mmoja wa pale pale Rujewa alikuwa ameshaelewa. "Usiniambie kuna mtu kafunga chandarua kwenye pangaboi."

"Huyo lazima katoka kwenye baridi," alisema mwingine. "Mbu hamjui, feni haijui, kavikuta vyote viwili siku moja, kaona vimeumbiwa kukaa pamoja."

Wakacheka mpaka mitandio ikateleza. Wote, isipokuwa mmoja. Bibi Saida alikuwa anaangalia mkeka, na tasbihi mkononi mwake ilikuwa inakimbia kama imechelewa gari.

Nasrin aliiona ile tasbihi. Akalikata fundo, akalitia mfukoni.

"Kamba tu hii," alisema. "Nashusha mkono huu nikaunyooshe. Mashineni kuna jiliwa la kubania chuma?"

"Kwa Yotamu," alijibu shangazi. "Mtafute aliyeoga pumba, huyo ndiye."

Akaufungua ule mkono mbovu, akafungua na mmoja mzima wa kulinganishia, akatoka. Hajafika hata kwenye kona, akasikia nyayo nyuma yake, na pumzi.

"Nisubiri, mjukuu wangu. Daktari kasema goti nilitembeze."

Wakatembea. Bibi Saida alingoja mpaka msikiti ulipofichwa na ukuta wa ghala.

"Lile fundo ni langu."

"Nilijua, bibi."

"Umejuaje?"

"Tasbihi yako iliniambia."

Bibi akaguna. "Misumari ya dirishani iliisha. Na mimi nimelala pale katikati, nikaangalia juu, nikaona kitu kina mikono mitatu kimenyoosha. Nikasema, watu wa Rujewa hawa wana akili, wameweka mpaka pa kutundikia chandarua. Nikapanda ngazi nikafunga."

"Chandarua peke yake hakipindi chuma, bibi."

"Na mkoba."

"Mkoba?"

"Nilitundika na mkoba wangu hapo hapo, panya asiufikie. Una chupa ya chai. Na sabuni za zawadi. Na jiwe la kusugulia miguu." Akavuta pumzi. "Na usiku nikitaka kuamka na goti langu hili, nilikuwa nashika chandarua navutia."

Nasrin akafunika uso kwa mtandio. Mabega yakawa yanaruka.

"Cheka tu," alisema Bibi Saida. "Lakini nistiri. Unajua mwenyekiti ni nani kwangu?"

"Mzee Bushiri?"

"Kamuoa binti yangu. Ni mkwe. Tangu siku ya nikaha hajaniangalia usoni, ananiita mama huku anaangalia ndala zangu, mtu mwenye adabu zake. Sasa kasimama na kipaza sauti, kamtukana mtu wa watu kwa mzigo wa mkwewe. Akijua, hatasema neno. Atanyamaza tu. Na ukimya wa mkwe, mjukuu wangu, bora utukanwe."

Nasrin akaacha kucheka. Akasimama kabisa.

"Bibi, huyo mtu wa watu ni baba yangu."

Bibi Saida akamwangalia kwa mara ya kwanza vizuri, kuanzia testa mpaka kwenye jinzi. "Ee Mola," alisema polepole.

"Nitakustiri, bibi, sitakutaja hapa Rujewa. Lakini baba yangu simwachi azame."

"Utafanyaje vyote viwili?"

"Bado sijajua. Tukanyooshe chuma kwanza."

Yotamu alikuwa mweupe wa pumba mpaka kope. Alimsikiliza Nasrin, akamwangalia bibi, akarudi kwa Nasrin. "Fundi wa Mbeya kaja kutibu feni. Kwenu si mnaota moto?"

"Ndiyo maana vichwa vyetu havijachemka," alijibu Nasrin. "Jiliwa liko wapi?"

Akaonyeshwa. Akauweka mkono mzima juu ya bamba la chuma, ukalala barabara. Akaweka ule mbovu. Ukaacha uwazi wa kupitisha ulimi wa mjusi. Akaubana kwenye jiliwa, akaweka kitambaa usichubuke, akaanza kuuvuta kwa kipande cha bomba la chuma. Kidogo. Akaupima. Kidogo tena. Chuma ukikipinda kwa pupa kinakumbuka, kitakukatikia siku nyingine. Hilo alilijua na hakuwa na haraka nalo. Yotamu alianza kwa kutoa ushauri, akaishia kushika taa. Mwisho mikono yote miwili ikalala kwenye bamba kama mapacha, na Nasrin akaukagua ule ulionyooshwa kwa kidole na kwa taa, kila pembe, hauna ufa.

"Huyu asiolewe mbali," Yotamu alimwambia Bibi Saida. "Tutamhitaji."

Waliporudi msikitini habari ilikuwa imetangulia, na safari hii wanawake walikuwa wamejaa mpaka mlangoni. Nasrin akapanda. Akafunga mikono, akafunga mabawa, akarudisha mpini wa ufagio wenye alama ya wanja. Bawa la kwanza, mstarini. La pili, mstarini. La tatu, mstarini. Akawasha, akakuta mtetemo mdogo sana umebaki, wa kuusikia zaidi ya kuuona. Akazima, akabandika washa moja, kipete kidogo cha chuma cha kusawazisha uzito, kwa gundi ya mkanda juu ya bawa, akajaribu, akaisogeza kuelekea ncha, akajaribu tena.

Likazunguka. Hata fimbo yake ya kuning'inia haikutikisika. Upepo ukashuka katikati ya chumba ukatawanyika mpaka kutani, na mitandio yote ikainuka kidogo kwa pamoja.

Lakini hakuna aliyesogea. Katikati kulibaki kutupu vilevile. Hofu haina fundi.

Hapo hapo sauti ikasikika nje ya pazia la mlango. "Assalaam alaykum. Naambiwa kuna mtu anachezea mali ya msikiti."

Mzee Bushiri. Aliinua pazia kiasi cha kutosha kuona pangaboi, macho yake yakaangalia juu tu, kwa heshima ya waliokuwemo. Mrefu, kanzu imepigwa pasi mpaka inakwaruza.

"Wa alaykum salaam, mzee," alijibu Nasrin kutoka kwenye ngazi. "Shikamoo."

"Marahaba. Binti wa nani wewe?"

"Wa Abdulkarim wa Mwanjelwa."

Vichwa vyote vikageukia mlangoni.

"Aha," alisema Mzee Bushiri. "Kakutuma uje upake rangi takataka yake."

"Mzee, sio takataka. Liangalie."

"Naliangalia. Leo linazunguka. Kesho msikiti ukijaa? Mbona mwenyewe naona watu wote wako ukutani? Wanawake hawa sio wajinga, hakuna hata mmoja anayeliamini. Kesho linashuka."

Nasrin alifungua mdomo. Fundo lilikuwa mfukoni, dogo, jepesi, na lingemaliza maneno yote pale pale: angelitoa tu akalionyesha. Alilishika. Akaliacha.

Na Bibi Saida akasimama.

Alijikokota kutoka ukutani, goti lake na yeye, mkononi amebeba mto. Akapita katikati ya wenzake waliokuwa wanamvuta mtandio, bibi wewe, bibi usiende. Akafika katikati kabisa, chini ya moyo wa pangaboi. Akatandika kanga. Akaketi, akanyoosha miguu, na mwisho akalala chali kabisa na kuangalia mabawa yanavyozunguka juu ya pua yake.

"Mwambieni mwanangu Bushiri," alisema, ingawa Bushiri alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, "mimi niko hapa chini. Upepo mzuri."

Mzee Bushiri akashusha macho haraka mpaka kwenye ndala zake mwenyewe.

"Mama, hapo ni hatari."

"Hatari ingekuwepo, binti huyu angenivuta mguu. Fundi, kuna hatari?"

"Hakuna, bibi."

"Basi." Akafumba macho. Shangazi Bibie akafuata, akaketi ubavuni mwa bibi. Kisha mmoja, kisha wawili, kisha mkeka ukajaa, safu zikanyooka zenyewe toka ukuta hadi ukuta, na watu wakaanza kusogezana kama kawaida, toa kiwiko chako, jamani.

Mzee Bushiri alibaki mlangoni na pazia mkononi. "Lilikuwa na nini?" aliuliza, sauti imeshuka.

"Mkono mmoja ulibebeshwa mzigo, mzee, baada ya kufungwa. Dukani lilitoka zima. Kitu cha kupepea kilitundikwa vitu."

"Nani alitundika?"

Nasrin alikuwa bado anatafuta jibu, lakini hakuhitaji.

"Bushiri mwanangu," ilisema sauti kutoka mkekani, macho yamefumbwa, "mtu akipona malaria anamshukuru tabibu. Hamtafuti mbu amuulize jina."

Kuna wanawake waliong'ata mitandio. Kama Mzee Bushiri alielewa, na Nasrin mpaka leo anaamini alielewa, hakuna kilichoonekana isipokuwa masikio, ambayo yalibadilika rangi taratibu.

"Sawa, mama," alisema. "Nitampigia Abdulkarim nimwombe radhi."

Hapo Nasrin akashuka ngazi. Hakupandisha sauti, lakini hakuishusha pia.

"Ahsante sana, mzee. Ila takataka ilisemwa kwenye kipaza sauti. Naomba na uzima nao usemwe kwenye kipaza sauti."

Shangazi Bibie akamfinya. Mzee Bushiri akainua kichwa, akamwangalia huyu binti wa jinzi na baibui kwa muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha akageuka. Wakasikia kanzu yake ikikwaruza mpaka upande wa wanaume, wakasikia swichi, wakasikia ule mkoromo wa kipaza sauti kinapoamka.

"Ndugu zangu wa Rujewa. Pangaboi la upande wa wanawake ni zima, na lilitoka dukani zima. Kosa lilikuwa la matumizi, hapa hapa kwetu, na kosa la kulaumu bila kuchunguza ni langu mimi Bushiri. Duka la Abdulkarim wa Mwanjelwa ni la mtu mwaminifu. Hiyo kesho hakuna kinachoshuka."

Lori moja mashineni likapiga honi, labda kwa hilo, labda kwa mengine.

Nasrin alitoka barazani na simu. Baba alipokea kabla haijaita mara ya pili, na nyuma yake zilisikika kelele za Mwanjelwa: duka lilikuwa wazi.

"Nasrin?"

"Baba, kuna dereva yeyote wa mchele ameshakupigia?"

"Wawili. Mmoja kaniwekea simu nisikilize mwenyewe." Sauti yake ilikuwa na kitu kilichomfanya Nasrin aangalie mbali, kwenye mapaa ya maghala. "Mwanangu. Lilikuwa na nini?"

"Mkono ulipinda, baba. Mtu alitundika mzigo."

"Nani huyo? Niambie, nimchekee angalau."

Nasrin akageuka. Pazia la mlango lilikuwa limefungwa pembeni upepo upite, na ndani, katikati ya safu, Bibi Saida alikuwa amelala chali na mto wake. Macho yalikuwa yamefumbwa, lakini tasbihi ilikuwa imesimama. Bibi aliinua kidole kimoja, akakitikisa polepole kulia na kushoto. Kisha akakigeuza kuelekea barabara kuu, upande wa Iringa, na midomo yake ikasema bila sauti: nikishaondoka kesho.

"Baba," alisema Nasrin, na kicheko kilikuwa kimemfika kooni, "hapa nilipo kuna watu wanapata upepo, siwezi. Kesho nikiingia hapo dukani weka kiti, chemsha chai, usihudumie mtu. Nitakuhadithia yote yaliyobaki, mpaka jiwe la kusugulia miguu."

"Jiwe gani tena?"

"Kesho, baba."